Nyota Moja na Nusu

Niliipa nyota moja na nusu.
Ile nusu ilikuwa ya mpigapicha,
aliyeujua ukungu wa Asturias
unavyoteremka mlimani taratibu, kama ng'ombe wanaoijua njia ya zizi.
Mengine yote niliyachinja.

Niliandika: fidla zinalia kabla ya mjane.
Niliandika: mvua hainyeshi ila pana jeneza,
utadhani mwongozaji kaandikiana mkataba na mawingu.
Niliandika (na sentensi hii niliipenda,
niliisoma kwa sauti jikoni, peke yangu, kahawa ikipoa):
"Filamu hii haiombolezi. Inakamua."

Wenzangu hawakuwa wapole kunishinda.
Baltasar, wa gazeti la Madrid, aliiita sharubati ya matanga.
Iker wa redioni alihesabu leso:
kumi na tisa, alisema,
na mgodi wenyewe haukufikisha dakika nne.
Tulicheka. Tulikuwa na haki ya kucheka.
Filamu ilikuwa mbaya.

Novemba wakaipeleka bondeni kwenyewe,
ukumbi wa chama cha wachimbaji,
viti vya plastiki, shuka jeupe limepigiliwa misumari ukutani.
Nikaenda. Usiniulize kwa nini.
Labda nilitaka kuwaona wenye msiba wakighadhibika,
nipate makala ya pili.

Nikaketi kando ya Ludivina Argüelles,
miaka sabini na mmoja, mkoba magotini, koti hakulivua.
Mumewe, Nicanor, alikuwa miongoni mwa wale kumi na wanne
siku gesi ilipolipuka chini kabisa, tabaka la saba.
Hayo aliniambia jirani wa kushoto.
Yeye alinipa mkono tu.

Fidla zikaanza. Nikamtupia jicho: makavu.
Barua ikakutwa ndani ya kopo la chakula. Makavu.
"Nicanor?" akaninong'oneza. "Hakuandika hata ya kwenda dukani."
Mtoto akakimbilia lango la mgodi, mvua hiyo, matope hayo.
Ludivina akafungua mkoba, akatoa peremende,
akahangaika na karatasi yake mpaka watu wakageuka.

Halafu kitu kidogo.
Mwigizaji, mwenye meno meupe mno kwa mla vumbi la makaa,
anarudi kutoka kazini, hajafa bado,
anavua viatu mlangoni,
anavigonga kimoja kwa kingine, mara mbili,
anaviweka upande.
Hapakuwa na muziki. Nadhani walisahau kuutia.
Sekunde tatu. Mimi niliitazama filamu ile mara mbili
na sekunde hizo sikuziona.

Peremende ikaanguka.
Hakulia kama wanavyolia kwenye skrini.
Pumzi ilimkwama, ikashuka kidogo, ikakwama tena,
kama lifti ya shimoni iliyokatika waya mmoja.
Safu ya nyuma mwanamke akamfuata. Kisha mzee mmoja, kwa kikohozi.
Wakati huo skrini ilishahamia kwenye harusi,
watu wanacheza, na ukumbi mzima
umebaki nyuma, mlangoni, na vile viatu.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia.
Mimi, wa mbali kuliko wote,
nilikuwa nimetangulia kufika, na kalamu.

Taa zikawashwa. Nikamuuliza, maana kazi ni kazi:
ameionaje?
"Mbaya," akasema. "Mbaya sana.
Mwanamke gani anapika maharage bila kuyaloweka?
Na huyo kijana hajawahi kushika sururu."
Akafunga vifungo vya koti ambalo hakulivua.

Nyota sijazibadilisha. Ningezibadilisha
ningekuwa nimedanganya mara mbili.

Tulipofika mlangoni akanishika mkono wa koti.
"Wanaionyesha tena lini?"
Jumapili, nikamwambia. Saa kumi na moja.
Akaiomba kalamu yangu,
akaandika kiganjani.